Bahari Isiyo na Pwani

Kwetu Kigombe, katikati ya Tanga na Pangani, neno pwani halihitaji kamusi. Pwani ni pale maji yanapopwa. Yakitoka, pwani ipo. Yakirudi, ndiyo basi mpaka baadaye. Mama yangu amechokoa pweza tangu kabla sijazaliwa na hajawahi kuvaa saa. Anatazama mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yatakwenda mbali hadi miamba ya nje ionekane, na wanawake wa mtaa mzima wanashuka na vijiti vyao. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hakuna haraka, anakaa barazani anasuka ukili.

Naanza na hayo ili mjue nilifika Marseille, kusini mwa Ufaransa, na kiburi cha namna gani.

Nilikuwa Lyon kwa mafunzo ya miezi mitatu. Mji mzuri, ila hauna bahari, na kila nilipolalamikia mvua wenzangu darasani walinijibu jambo moja: shuka kusini. Mwishoni mwa Septemba nikapata siku tano. Treni ya kasi haikumaliza hata saa mbili. Nikajisemea, jua nalijua, bahari naijua, samaki nawajua, kitakachonisumbua huko ni Kifaransa tu.

Kilichonisumbua kwanza ni begi. Stesheni ya Saint-Charles iko juu ya kilima, na kuteremkia mjini kuna ngazi pana ya mawe yenye vidato 104. Begi la magurudumu kwenye ngazi ni mzigo juu ya mzigo. Chini pale zipo sanamu mbili za wanawake waliojilaza. Moja inaitwa Makoloni ya Asia, nyingine Makoloni ya Afrika. Ngazi ilijengwa miaka ya 1920, enzi ambayo bandari hii ilikuwa mlango wa kwendea makoloni. Nikakaa karibu na yule wa Afrika nipumzishe mkono. Amejinyoosha kama mtu anayesubiri kupakwa hina. Nikamwangalia, nikacheka peke yangu, nikaendelea kushuka.

Bandari ya Kale iko katikati ya mji kabisa, mabasi yanapita pembeni yake. Ni hori refu lililoingia ndani ya nchi, mahali pale pale walipotia nanga Wagiriki kutoka Phocaea yapata mwaka 600 kabla ya Kristo. Nilifika saa tisa alasiri. Watu wengine wanapiga picha, mimi natazama ukuta wa gati. Ni mazoea tu. Mtu wa kwetu akifika penye bahari hutazama ukuta au nguzo kwanza, aone alama ya maji imeishia wapi, ajue yanakuja au yanatoka. Kwenye ukuta ule nikaona mstari wa kijani wa mwani. Upana wake ulikuwa kama kiganja changu. Nikainama nikapima kweli: kiganja, na kidole kimoja juu.

Nikadhani nimekuta maji yamejaa, mstari wote uko chini. Nikaenda zangu kula, nikarudi saa tatu usiku. Mstari uko vile vile. Nikatafuta mwezi, nao huo hapo juu ya paa za nyumba, mpevu, mduara kamili. Kwa hesabu ya mama hii ni bamvua. Kwa hesabu ya mama, kuanzia saa tisa mpaka saa tatu maji yalitakiwa yawe yamehama zaidi ya urefu wa mtu. Na yale maji yametulia kama chai kwenye kikombe.

Ndipo nikaanza kuona mambo ambayo mchana niliyapita. Mashua zimefungwa kwa kamba fupi, zimekazwa, ubavu kwa ubavu kama magari kwenye maegesho. Kwetu ukifunga hivyo, maji yakitoka mashua inaning'inia gatini kama samaki kwenye ndoano. Mtu anavuka kutoka gatini kwenda kwenye chombo chake kwa ubao mmoja, ubao umelala sawa, na hana wasiwasi kwamba usiku ubao utasimama wima. Migahawa imeweka meza karibu kabisa na maji. Hakuna anayeogopa.

Asubuhi nilikwenda kwenye mnada wa samaki. Nauita mnada kwa mazoea. Ni meza chache tu kando ya gati, wavuvi na wake zao wanauza walichovua usiku. Mama mmoja, mtu mzima, mikono imepasuka kwa chumvi, alikuwa na beseni la pweza hai. Mmoja akatoa mkono, akashika ukingo, akaanza kujivuta nje taratibu. Yule mama bila kumtazama akamrudisha ndani kwa kofi la mgongo wa mkono, huku anaendelea kuhesabu chenji. Kofi lile lile la mama yangu! Nikamwambia kwa Kifaransa changu cha kuokoteza kwamba kwetu wanawake huvua pweza kwa miguu, wanatembea. Akakunja uso. Wanatembea wapi? Chini ya bahari, nikasema, maji yakiondoka. Akawaita wenzake wa meza ya pili waje wasikie. Nikauliza hapa maji yanatoka saa ngapi. Akapunga mkono kuelekea baharini kama anayefukuza nzi. Hapa hayatoki, binti. Yako tu.

Yanatoka kidogo, kusema kweli, sentimita kadhaa, na siku nyingine upepo na mgandamizo wa hewa huyasogeza kuliko mwezi unavyoweza. Nilikuja kuelewa baadaye. Bahari ya Mediterania imefungwa karibu pande zote. Mlango wake wa kuingilia Atlantiki, pale Gibraltar, una upana wa kilomita 14 hivi kwenye wembamba wake. Mawimbi ya kujaa na kupwa yanayotembea kwenye bahari kuu hayapati nafasi ya kuingia yote, na bahari yenyewe ni ndogo mno kwa mwezi kuivuta ikavutika kama Bahari ya Hindi. Mwezi ni uleule wa Kigombe. Beseni ndiyo tofauti.

Siku hiyo hiyo nikafuata barabara ya kando ya bahari wanayoiita Corniche. Chini ya matao ya daraja lake kimejificha kijibandari kidogo, Vallon des Auffes, mashua za mbao zilizochongoka mbele na nyuma, zimepakwa buluu na nyekundu na njano. Jina limetokana na nyasi iliyokuwa ikisokotwa kamba za meli na nyavu, nikakumbuka makumbi ya nazi yaliyofukiwa matopeni kwetu yaoze ndipo yapondwe. Milango ya nyumba za wavuvi iko hatua tatu juu ya maji. Hatua tatu! Mtoto alikaa kwenye kidato cha mwisho amechovya miguu, anakula mkate.

Mbele kidogo, kando ya barabara, upande wa baharini, kuna kijumba ambacho ungekipita ukidhani ni cha mlinzi. Mlango ulikuwa umefungwa. Humo ndani kuna chombo kinachopima usawa wa bahari tangu mwaka 1885, na wastani wa vipimo vyake hadi 1897 ndio uliofanywa sifuri ya Ufaransa bara. Ukisikia mlima fulani wa Ufaransa una urefu wa mita kadhaa juu ya usawa wa bahari, bahari yenyewe ni hii, pale chini ya kijumba. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama kwenye kanisa lolote. Ukitaka kupima milima unatafuta maji yanayotulia. Nani angeweka sifuri Kigombe, ambako maji yanatembea zaidi ya mita tatu kwa saa sita?

Lakini hata maji haya yaliyotulia yamepanda, kama sentimita 15 na zaidi tangu kile chombo kianze kazi. Nilikumbuka kile kiganja changu na kidole kimoja pale gatini. Nilikumbuka pia Maziwe, kisiwa cha mbele ya Pangani ambacho wazee wetu walikikuta na miti, na leo ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Wao wana chombo kilichoandika kila kitu. Sisi tuna wazee, na wanapungua.

Siku ya tatu nilitaka kwenda Cassis, mji mdogo wa mashariki, usiofika nusu saa kwa treni. Picha zake mmeziona hata kama hamkujua ni wapi: maji ya kijani-buluu katikati ya miamba myeupe, magenge marefu yaliyoingia nchini kama vidole. Magenge hayo wanayaita calanques. Nilifungua dirisha asubuhi, anga buluu tupu, hamna wingu hata la kufutia machozi. Nikavaa gauni jepesi na kandambili.

Mlangoni mwenye nyumba niliyopanga akanitazama kandambili, akatazama juu, akasema neno moja. Mistral.

Sisi pepo zetu ni misimu. Kaskazi inakuja na miezi yake, kusi na yake, umande unavuma alfajiri, matlai nayo ina saa yake, na mvuvi anapanga ada za shule kwa kuzifuata. Mistral haina msimu wa kueleweka. Ni upepo mkavu wa baridi unaoteremka bonde la mto Rhône, lile bonde la Lyon nilikotoka, unabanwa kati ya milima ya Alps na milima ya kati ya nchi, unatokea kusini umeshakasirika. Unaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Wenyeji husema huvuma siku tatu, au sita, au tisa. Mwenye nyumba wangu alilisema hilo kwa uso wa mtu asiyeliamini lakini anayelihesabu. Na ndio wenyewe unaofagia mawingu. Lile jua linalouzwa kwenye kadi za posta, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya huo upepo. Mimi niliona jua nikadhani nimeona joto.

Cassis ya kwenye tiketi siyo Cassis ya kwenye picha. Stesheni iko juu huko, kilomita tatu kutoka bandarini. Basi lilikuwa limeondoka. Nikateremka kwa miguu katikati ya mashamba ya mizabibu, gauni nimelishika kwa mikono miwili, mchanga unanichapa miundi ya miguu, na kandambili moja ikaamua kwenda peke yake mtaroni. Dereva mmoja alipunguza mwendo, nikafurahi. Kumbe anapunguza ili acheke vizuri.

Nilipofika mwanzo wa njia ya kwenda kwenye yale magenge nikakuta kijana amesimama na ubao wa tangazo. Rangi nyekundu. Pamefungwa. Nikamuuliza, kaka, bahari hii hapa, hatari gani? Akasema, moto. Nikadhani nimekosea Kifaransa. Akanionyesha misonobari juu ya miamba, mikavu, majani yake kama njiti. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba ruhusa ya kupita hutolewa kwa kutazama hatari ya moto ya siku hiyo, na siku ya upepo kama ule cheche moja inatosha. Tangazo hutolewa tangu jioni ya kuamkia. Kila mtu alikuwa ameliangalia kwenye simu isipokuwa mimi, mtoto wa mvuvi, niliyetazama mbingu. Boti za watalii nazo hazikutoka.

Basi nikakaa bandarini. Sikuona magenge lakini niliona Cap Canaille, jabali jekundu la zaidi ya mita 300 linalosimama moja kwa moja kutoka baharini, na kila wingu la vumbi lilipopita lilibadilika rangi. Nikaona njaa saa tisa kasoro, jiko limefungwa. La pili pia. Huko mtu anakula mchana kati ya saa sita na saa nane, ukipitiliza subiri jioni, na hakuna kumwomba mama wa jikoni akupakulie ukoko. Nilikula mkate na kipande cha jibini nimejibanza nyuma ya ukuta wa kuzuia mawimbi, na kwa kweli ulikuwa mlo mtamu.

Nilirudi siku ya tano. Upepo ulikuwa umekatika usiku, ubao umekuwa wa njano, njia wazi. Nilikuwa nimenunua raba. Nikapita genge la kwanza, Port-Miou, lililojaa mashua za matanga zimepangwa mbili mbili, halafu la pili, Port-Pin, ambako kuna kifukwe kidogo chenye kokoto. Jua kali. Hewa imetulia. Maji meupe pe, unahesabu mawe ya chini. Nikatupa kanga juu ya mwamba nikarukia.

Sijui niandikeje. Nilitoka na kelele ambayo nadhani ilifika Kigombe. Baridi ile haikuwa ya maji, ilikuwa ya friji. Meno yanagongana, na jua liko palepale juu yangu linaniunguza kichwa. Mzee mmoja mkaazi wa huko, amevaa ile nguo ya mpira ya wapiga mbizi mpaka shingoni, alicheka hadi akakaa. Kisha akanieleza kwa mikono, na mikono yake ilikuwa mwalimu mzuri kuliko kitabu. Mkono wa juu akausukuma kwenda baharini: upepo wa jana umechukua maji ya juu, yale yaliyopashwa na jua tangu Juni, umeyapeleka mbali. Mkono wa chini ukapanda taratibu kushika nafasi: haya uliyorukia yalikuwa chini gizani hadi jana. Akaongeza kwamba ningekuja wiki moja kabla ningeogelea mpaka magharibi. Nikarudi ndani, safari hii polepole, nikakaa dakika tano kwa sababu ya heshima ya ukoo. Chumvi ya kule ni kali kuliko yetu, unaelea bila kujitahidi. Hilo tu ndilo lililonipa faraja.

Nimeruka siku ya nne, na ndiyo niliyoipenda zaidi. Upepo ulikuwa bado unavuma, nikajificha mjini, mtaa wa Noailles, kwenye soko la vichochoro lililo nyuma ya bandari. Muhogo, ndizi mbichi, bamia, pilipili, samaki wa kukaushwa, Waarabu, Waafrika, Wafaransa, wote wanasukumana. Nilipita Rue d'Aubagne, palipoporomoka nyumba mbili tarehe 5 Novemba 2018 zikaua watu wanane. Pengo lipo, na watu wanapunguza sauti wakipita.

Nikanunua viazi vitamu kwa dada mmoja aliyevaa leso kichwani. Mdogo kwangu, miaka ishirini na kidogo. Nikampa hela. Akapokea, akasema: "Marahaba."

Nikageuka nyuma. Nilitafuta ni nani aliyemwamkia. Hakuna mtu. Nikafikiri: huyu mtoto ananiitikia shikamoo ambayo sikuitoa, tena mimi ndiye mkubwa! Mdomo ukanitoka Kiswahili chenyewe: "Marahaba ya nini, mdogo wangu?"

Akashika kiuno, akacheka. "Kwenu wapi, dada? Unguja?" Ni Mngazija. Kwao marahaba ni asante. Alizaliwa papo hapo Marseille, Kiswahili amekipata kwa bibi yake aliyekulia Unguja, Komoro yenyewe amekwenda mara mbili. Wakomoro Marseille ni makumi ya maelfu; wa kwanza, alivyosimuliwa nyumbani kwao, walikuwa mabaharia wa meli za Kifaransa, wakikaa bandarini kati ya safari na safari hadi kukaa kukawa kuhamia. Tukahesabu viazi kwa lugha zote mbili: mbili ni mbili, nne ni nne, lakini tatu yao ndraru na tano ntsanu, na kila tulipogongana tulicheka upya, wateja wanasubiri. Akaniuliza, bahari ya hapa umeionaje? Nikamwambia haipwi. Akasema bibi yake alipofika alikaa dirishani siku nzima anasubiri maji yatoke ashuke akatafute chaza, wakamwacha tu, wakidhani anamkumbuka mtu.

Kabla sijaondoka akanielekeza nikale panisse. Nikala. Ni unga wa dengu uliopikwa ukakatwa vipande ukakaangwa, na ukifumba macho uko Tanga mjini, jioni, mbele ya karai la bhajia, imekosekana chatine ya nazi tu. Supu yao maarufu ya samaki, bouillabaisse, sikuionja. Ilianza kama chakula cha wavuvi cha samaki wa miambani wasiouzika, na sasa mgahawa unaoipika sawasawa unadai zaidi ya yuro 60. Nilimwazia mama akiambiwa bei ya mchuzi wa samaki waliokataliwa.

Nilimpigia usiku wa mwisho, nimekaa gatini, simu nimeielekeza kwenye maji ayaone. Nikamweleza yote: mstari wa kiganja, kijumba cha sifuri, upepo wa jua, baridi. Alinisikiliza vizuri. Halafu akauliza maji yanajaa saa ngapi huko.

"Hayajai, mama. Wala hayapwi."

"Na mwezi?"

"Mwezi upo. Huu hapa."

Akanyamaza. Nikasikia anamwambia mtu pembeni, ameenda kwenye ziwa huyu. Kisha akarudi kwenye simu. "Sasa pweza wanamchokoa nani?"

Nikamwambia wanamvua wanaume kwa mashua, wake zao wanauza. Nikamsimulia na lile kofi la yule mama wa beseni. Hilo lilimfurahisha. Akataka nimwonyeshe tena, alimpiga na mkono upi, na pweza mwenyewe alikuwa mkubwa kiasi gani, na alimuuza shilingi ngapi.